Marehemu wa Ghorofa ya Nne

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za karakana ya hoteli niliyoifanyia kazi miaka mingi hapa Dar es Salaam. Vijana wangu walinifanyia chai, wakanipa saa ya ukutani. Nilipofika nyumbani niliifungua kuangalia ndani, kwa mazoea tu. Sitasema nilichokiona, maana walichangishana.

Waliniomba pia niwaandikie mambo niliyokutana nayo kazini. Habari za vyeo na mishahara naziacha, hazimfunzi mtu kitu. Nitaandika zaidi juu ya miaka michache niliyokaa Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa fundi na pia, bila kutarajia, mtu wa televisheni. Hiyo ndiyo miaka niliyoifurahia zaidi kazini. Ndiyo pia miaka nilipofanya kosa likabebwa na mtu mwingine.

Ufundi nilijifunza Tanga, baada ya kidato cha nne, kwenye duka la redio la Mzee Rajabu. Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa brashi ya rangi, nikashinda nikitoa vumbi ndani ya televisheni kumi na moja. Alinifunza kwamba ukigusa televisheni iliyo wazi mkono wa kushoto uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Wapita njia walidhani tunaringa. Alinifunza pia kufuta kaseti. Unaiweka kwenye redio, unaziba tundu la kipaza sauti kwa plagi tupu, unarekodi kimya upande mzima, halafu unageuza na kufanya hivyo hivyo upande wa pili. Nilimuuliza kama hakuna njia fupi. Akasema ipo, ila atakayeigundua ni mteja.

Guangzhou nilipelekwa na tajiri mmoja wa Unguja aliyekuwa akisafirisha mizigo ya wafanyabiashara wetu. Alikodi ghorofa ya nne ya hoteli ndogo, mwendo mfupi kutoka Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, akawa anawapangisha vyumba Waswahili waliokuja kununua mali. Kazi yangu ilikuwa kupima vyombo vya umeme kabla havijafungwa. Wiki ya kwanza nilipata kesi iliyonipa jina. Mtu wa Morogoro alinunua televisheni mia moja na ishirini, zinang'aa, picha safi kabisa. Nilipozifungua nikaona ni za mfumo wa kule tu. Nyumbani zingetoa picha bila sauti. Alibishana nami asubuhi nzima, kisha akaenda kubishana na laoban, mwenye duka aliyemuuzia, na huko akashinda. Kuanzia siku ile kila mtu pale aliniita Fundi, na hakuna aliyeuliza jina langu tena.

Kazi kubwa ilikuwa deki za CD. Deki mbovu haijioneshi dukani. Lazima uiache icheze saa nne au tano mpaka ipate moto, ndipo picha inapoanza kukatika vipande. Kwa hiyo nilikuwa naziwasha jioni, nne nne, na kuziacha mpaka usiku wa manane. Badala ya kutazama peke yangu, nilinunua kisanduku cha kutuma mawimbi, nikavuta waya dirishani na kuupitisha vyumba vyote vya ghorofa ya nne. Aliyetaka kuona alifungua chaneli ya tatu. Ndivyo tulivyopata televisheni yetu, na mpaka leo sijui kama tulihitaji kibali.

Diski nilizokuwa nazo zilikuwa zile zilizouzwa kwa bei ya karanga, nyingi filamu za kutisha za Hong Kong: maiti waliovaa majoho ya maofisa wa zamani, mikono imenyooka mbele, wakiruka miguu pamoja kumfuata mtu. Hakuna aliyeelewa neno. Hapo ndipo alipoingia Sefu.

Sefu Makame alikuwa karani wetu wa mizigo, mtu wa Wete. Mchana alikuwa akiandika alama za wenye mali kwenye maboksi kwa kalamu nene, bila kucheka na mtu. Ujanani aliwahi kwenda kufanyiwa majaribio ya utangazaji wa redio, akakosa. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, sauti ya mtu anayekuambia jambo ambalo wenzako wamekwisha kulijua. Usiku mmoja alikuja chumbani kwangu, akatazama wale maiti wakiruka, akaniuliza kama kipaza sauti cha redio yangu kinaweza kuunganishwa na waya wa vyumbani. Nikamwambia kinaweza. Akakishika akaanza kueleza filamu, akitunga anachotaka. Yule maiti mkubwa akawa dalali aliyekufa na pesa za watu. Nilisikia vicheko vikitoka chini ya milango, chumba baada ya chumba.

Baada ya hapo ikawa kila Alhamisi. Mfanyabiashara mmoja alituachia kamera ndogo ya mkononi iliyokosa mnunuzi, nasi tukaanza kuonesha sura. Sefu alinunua Yide Lu kinyago cha mpira cha mzee mwenye kichwa kilichopasuka. Kilinuka sana, akawa anakipaka poda ya mtoto ndani. Tulilaza boksi la friji sakafuni likawa jeneza. Mimi nilichemsha birika nyuma yake ili mvuke upite mbele ya kamera, nikashika tochi chini ya kidevu chake kwa mkono mmoja na kamera kwa mkono wa pili. Mzee Rajabu angeniona na mikono yote miwili nje ya mfuko angenifukuza kazi. Boksi likafunguka, Sefu akainuka polepole, akasema, "Ndugu watazamaji, anayesema nanyi ni Marehemu. Poleni kwa kazi."

Tangu wakati huo nimefanya kazi na vituo vikubwa vya televisheni vilivyokuja hotelini, na taa za kweli. Sijaona kitu kilichowashika watu kama lile boksi.

Kilichopendwa kuliko filamu ni tanzia. Sefu alikuwa akimaliza maneno yake ya mwanzo kwa kusoma tangazo la kifo, sawasawa kama yale ya redioni tuliyokua tukiyasikia nyumbani, lakini aliyekufa ni mmoja wa watazamaji. Alisoma kwa uzito wote, jina, mtaa, wazazi, ndugu walioko miji mbalimbali. Sababu ya kifo ilikuja mwisho kabisa, ndiyo kichekesho chenyewe. Fulani amefariki baada ya kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa. Fulani amekutwa na mauti Yide Lu, akiwa amekumbatia viatu vya mguu wa kushoto vitupu. Mazishi yatafanyika ndani ya kontena la futi arobaini, nafasi zimebaki chache.

Wapo waliochukia mwanzoni, lakini haikuchukua muda watu wakawa wanaomba kufa. Bi Mwanaidi, mama wa makamo wa Tanga aliyekuwa akinunua vitu vya watoto na madaftari, alimjia Sefu ofisini akalalamika kwamba amekaa Guangzhou mara sita hajatangazwa hata mara moja. "Wenzangu wote umewazika," alimwambia. "Mimi nina kosa gani, mwanangu?" Alhamisi hiyo akafa kwa kicheko, baada ya Mchina kumwita dada.

Sasa nieleze lile jambo, na nitalieleza kifundi kwa sababu kosa lilikuwa la kifundi.

Kanda za video zilikuwa ghali, hivyo nilikuwa narekodi sauti tu ya vipindi vyetu, kimoja baada ya kingine, kwenye kaseti za kawaida za dakika sitini, ili watu wasikilize mchana wakifunga mizigo. Vicheko havikuingia, maana watazamaji walikuwa vyumbani kwao na kipaza sauti kilikuwa mbele ya Sefu peke yake. Kwenye kaseti ilisikika sauti yake tu, na kimya.

Watu wetu nao walikuwa na desturi ya barua za kaseti. Simu ilikuwa ghali na ya haraka haraka, na wazee wengi hawakusoma. Mtu alijifungia chumbani na redio, akazungumza na mama yake kwa kituo, kisha kaseti ikapelekwa na msafiri wa kwanza. Kaseti hizo walizipata kwangu. Vipindi vilivyochoka kusikilizwa nilivifuta, nikaziuza kama tupu.

Nilikuwa na redio moja ya kufutia, na kaseti kumi kumi. Kwa hiyo kila upande nilikuwa nikiukatisha zikiwa zimebaki dakika mbili tatu. Nilihesabu kwamba kwa kaseti kumi naokoa saa nzima, na kwamba hakuna anayezungumza na mama yake nusu saa bila kupumzika. Nilijiona mjanja.

Idrisa Kombo wa Chumbageni, Tanga, kijana aliyekuwa akinunua suruali za jinzi, alichukua kaseti moja akamrekodia mama yake. Aliongea dakika kumi na mbili hivi. Alimsalimu, akamwambia anakwenda Xintang kwenye viwanda kusimamia oda yake, akamuuliza habari za mkewe Rukia, ambaye alikuwa akiishi kwa mama huyo. Bi Mwanaidi aliipeleka kaseti mwenyewe alipokwenda nyumbani kupeleka mzigo, kisha akarudi Guangzhou baada ya siku chache.

Yaliyotokea Tanga tuliyapata baadaye vipande vipande. Bi Fatuma, mama yake Idrisa, alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho. Sauti ilipokatika hakuzima redio. Alikaa nayo, labda atasema tena. Alikaa robo saa ya kimya. Kisha ikaja sauti ya mtu mwingine, nzito na ya taratibu: "Wafanyabiashara wa Guangzhou, China, wanasikitika kutangaza kifo cha mwenzao, Idrisa Kombo wa Chumbageni, Tanga, kilichotokea ghafla juzi. Habari ziwafikie mama yake mzazi, Bi Fatuma, mkewe Rukia, na ndugu na jamaa wote popote walipo." Hapo upande wa kaseti ukaisha. Sababu ya kifo, kwamba alinunua suruali mia sita zenye zipu nyuma, nilikuwa nimeirekodi upande wa pili, mwanzoni kabisa, sehemu niliyokwisha kuifuta.

Ndugu waliona kwamba wenzake wameamua kuileta habari kwa kaseti yake mwenyewe. Walipiga simu hotelini kumuulizia. Mhudumu wa mapokezi, msichana asiyejua Kiswahili, aliangalia chumba akakuta hakina mtu, akawajibu kama alivyowajibu wote, mei you, hakuna, akakata. Idrisa alikuwa Xintang siku ya sita, akilala kwenye karakana ya washonaji ili wasimbadilishie kitambaa. Tanga waliweka matanga. Ijumaa wakamsalia sala ya ghaibu. Rukia akaingia eda.

Habari ilifika ghorofa ya nne kwa simu ya shemeji wa Idrisa, aliyempata Bi Mwanaidi akamlaumu kwa kuleta kaseti bila kusema neno. Bi Mwanaidi alikuwa bado na simu mkononi Idrisa alipotokea kwenye ngazi, begi begani, suruali ya sampuli mkononi. Bi Mwanaidi alimwendea akamshika uso kwa mikono miwili, kama anayepima embe.

Alipiga simu nyumbani pale pale, sisi tukiwa tumesimama. Jirani mwenye simu alikwenda kumwita mama yake. Tulisikia Idrisa akisema, "Mama, ni mimi, mama. Mzima." Akasema mara ya pili, na ya tatu. Kisha akashusha simu, akatuambia kwamba mama yake alisikiliza, halafu akawaambia waliokuwa karibu naye, "Hiyo ni kaseti. Izimeni."

Usiku ule ule tajiri aliita kikao kwenye ukumbi. Mimi nilikwisha kujua. Tangu Bi Mwanaidi alipotaja kaseti nilikuwa nimekwenda chumbani, nikachukua nyingine mbili nilizozifuta wiki ile, nikazipeleka mbele mpaka mwisho wa upande na kusikiliza. Zote mbili zilikuwa na mkia wa Sefu.

Kikao hakikupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Bi Mwanaidi, aliyeomba mwenyewe kutangazwa, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. "Sefu, mwanangu, kifo hakifanyiwi mchezo. Tulicheka sote, lakini sauti ni yako."

Sefu hakujitetea. Aliuliza jambo moja tu, sauti yake imefikaje kwenye barua ya Idrisa. Akanigeukia. "Fundi, zile kaseti ulizifuta?"

"Nilizifuta," nikasema. "Labda Idrisa alirekodi kutoka televisheni ya chumbani, awe na kumbukumbu."

Idrisa alikuwa kwenye kona akiandika namba za shirika la ndege, akili yake haikuwa pale, akasema hakumbuki. Sefu alinitazama kidogo. Kisha akasema basi, kosa ni la sauti, na mwenye sauti ni yeye.

Idrisa aliondoka kesho yake, akaiacha oda yake Xintang, na haikupata msimamizi. Mama yake alimwona kwa macho, akamshika, akamjua. Lakini wiki ile ya matanga kiharusi kilikuwa kimempiga, na mkono wa kulia haukurudi. Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa.

Kipindi kilikufa siku ile. Tuliendelea kuwarushia filamu tupu, na kwa kuwa hakuna aliyezielewa, vyumba vingi vilizima mapema. Mara moja nilivaa kile kinyago nikajaribu mimi. Nilikuwa najua maneno yote, nilikuwa nimeyarekodi. Nilipoinuka kwenye boksi sikusikia kitu chini ya milango. Niliwasha filamu, nikaenda kupima deki. Sefu alikaa miezi mitatu zaidi, akiandika alama kwenye maboksi. Watu walimjibu salamu, basi. Halafu akarudi kwao.

Mimi nilibaki, kisha nikapata kazi hapa Dar. Nilifanya mengi mazuri, na vijana wangu mnajua kwamba katika karakana yangu hakuna kilichotoka nusu. Mlidhani ni ukali. Sikuwa mkali, nilikuwa naogopa. Lakini uangalifu wa baadaye haukumsaidia yeyote aliyekuwa ghorofa ya nne, na mdomo wangu niliufunga miaka yote hiyo kwa sababu hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Siku tatu baada ya kustaafu nilikwenda Tanga kwa Idrisa. Ana duka la nguo na wajukuu wawili. Nilimweleza yote, mpaka dakika tatu. Alisikiliza akikunja mashati. Alisema mama yake alikufa akimwombea mabaya Sefu, na kwamba yeye mwenyewe alipishana naye mara moja Dar akavuka barabara asimsalimie. Hakunitukana. Alisema, "Mimi umeniambia. Kamwambie yeye."

Nikavuka mpaka Pemba. Sefu ana duka la madaftari na kalamu Wete, karibu na shule. Amenenepa, anavaa miwani. Alinitambua kabla sijasalimu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilihofia nikikaa nitaanza na habari nyingine.

Akauliza, "Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Kabla ya kikao."

Aliingia mtoto wa shule, akanunua kalamu ya wino na karatasi mbili za grafu. Sefu akamfungia vizuri, akamrudishia chenji. Mtoto alipotoka akasema, "Ungesema pale pale, Alhamisi ningekutangaza wewe. Fundi wetu, amefariki kwa uvivu wa dakika tatu. Wangecheka. Wangekutukana pia, wiki nzima. Halafu tungeweka filamu."

"Nitangaze sasa," nikamwambia.

Akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati. "Sasa, Fundi? Anasikia nani?"

Bi Mwanaidi amekwisha kufariki, na wengine waliokuwa nyuma ya ile milango sijui walipo. Wanakumbuka tu kwamba palikuwa na mtu aliyetania kifo mpaka akamwangusha mama wa mwenzake.

Sefu alinisogezea kiti nyuma ya meza, akaendelea kuuza. Nilikaa naye mpaka alasiri. Wateja waliouliza aliwajibu kwamba mimi ni fundi aliyefanya naye kazi China. Ile sauti niliyokuwa nikiijua kuliko za ndugu zangu ilikuwa ya mzee anayetaja bei ya madaftari.